Jibu: Forester XT, kilomita 210,000, inachemka mlimani

Salama mkuu. Umesema Subaru Forester XT yako ya 2005 inapandisha temperecha ukitoka Morogoro kukwea Gairo, na unataka kukaa nayo miaka kumi. Shokapu na rangi viache kwanza.

Anza na gasketi za hedi (zinazoziba kati ya bloku na kichwa cha injini). Injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa tangi dogo la kulanti lililo juu karibu na turbo, jaza kulanti (maji ya kupoza injini), washa, iache ipate moto. Mapovu ya mwanzo ni hewa tu. Yasipokoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji na injini lazima ishuke. Yakikoma, badilisha mfuniko na themostati (chukua ya Subaru yenyewe, nyingi za bei chee zina vali ndogo), kisha tenganisha kondensa ya AC na rejeta usafishe. Vumbi la Dodoma hujibana katikati yake, ukichungulia kwa mbele huoni kitu.

Kabla ya kununua spea yoyote, pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hesabu inabadilika kabisa.

Taimingi belti (mkanda unaoendesha vali) kama huna kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, badilisha sasa pamoja na wota pampu, tensheni na puli zote. Ikikatika kwenye injini ya EJ20 kama yako, vali zinagonga pistoni na kupinda. Mwambie fundi akague pia bolti ya bomba la oili ya turbo: nyingi zina kichujio kidogo ndani, kikiziba turbo inakufa kwa ukame. Oili mwaga kila kilomita 5,000, na stiki ichomoe kila wiki uangalie kiwango.