Baiskeli ya mazoezi ya ndani: mpya rahisi au mtumba?

Dada, nimekuelewa: unarudi Chumbageni giza limeshaingia, unataka baiskeli ya mazoezi ya sebuleni, hela si nyingi, na hujui uchukue mpya ya bei ya chini au mtumba.

Ningekushauri mtumba, mradi uikague mwenyewe. Mpya za bei ya chini sana mara nyingi zina gurudumu jepesi na miguu myembamba. Ukikanyaga kwa nguvu zinayumba, na hamu inaisha haraka.

Ukifika kwa muuzaji, panda ukanyage dakika kumi, usione haya. Kisha shuka, shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, beringi zimechoka; mpigie fundi baiskeli wako wa Ngamiani umuulize kama zinapatikana kabla hujatoa hela. Halafu chomoa nguzo ya kiti. Hewa yetu ya Tanga ina chumvi, na kutu huanzia mle ndani pasipoonekana. Ya juu juu inasuguliwa, ila bomba lililoliwa liache.

Kwa upande wa breki, yaani kinachofanya kukanyaga kuwe kuzito, ya sumaku ni bora kuliko ya kusugua, maana haigusi gurudumu, kwa hiyo haiishi wala haipigi kelele usiku.

Nyumbani, rekebisha kiti: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Watoto wasikaribie gurudumu likizunguka. Na kama una presha, au kifua kinakubana ukipanda ngazi, tafadhali muone daktari kwanza.