Matundu ya lesi yamejificha wapi?

Swali: Nafuma skafu na vitambaa vya meza hapa Jinja kwa mtambo wa mkono wenye fremu 4 (zinazoinua nyuzi za mtande, yaani zile za urefu). Nimejaribu lesi ya hakabaki (kitambaa chenye matundu yanayotokana na nyuzi zinazoruka) kwa uzi wa pamba, nyuzi 24 za mtande kwa inchi, nikapiga mshindio, yaani uzi wa kukingama, vizuri ukakaza. Matundu hayaonekani, naona vidoadoa tu. Je, ninunue mtambo wa fremu 8?

Jibu: Hela hizo ziweke kwanza, dada. Fremu 8 zitakupa maeneo 6 ya kuchezea lesi badala ya 2 uliyonayo, lakini hazitafungua tundu hata moja.

Tundu la lesi halifumwi. Nyuzi zinazoruka bila kushikwa husogeleana, na pale zinapoachana na kundi la jirani panabaki uwazi. Wewe umezibana zisiweze kusogea. Zungushia uzi wako kwenye rula, mizunguko igusane bila kupandana, uhesabu inchi moja. Ukipata 40, nusu yake, yaani 20, ndiyo idadi ya mtande kwa kufuma moja juu moja chini. Kwa lesi anzia hapo au 18. Mshindio nao usizidi mtande: usigonge, usukume tu ukae mahali pake, na upime kwa rula mara kwa mara.

Tena usihukumu kitambaa kikiwa bado mtamboni, kwani hapo kimevutwa na hakina uhuru wowote. Kata kipande, kifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikande kwa mkono, kikaushe, kisha kipige pasi kikiwa na unyevu. Wengi hukata tamaa kabla ya kufua, na kufua ndiko kunakomaliza kazi.

Sasa michoro. Nadhani umepitisha nyuzi za mtande kwenye fremu 1-3-1-3-1 (kundi la kwanza), kisha 2-4-2-4-2 (kundi la pili). Usiuguse, badilisha mikanyago tu. Kwa mtambo unaoinua fremu, jaribu 1+4 (yaani fremu 1 na 4 kwa pamoja), 2, 1+4, 2, 1+4: mshindio unaruka juu ya kundi la kwanza, la pili linabaki wazi kama kitambaa cha kawaida. Kufuata hapo 2+3, 1, 2+3, 1, 2+3, na lesi inahamia kundi la pili. Ukitaka lesi kila mahali, badala ya 2 pekee kanyaga 2+4, na badala ya 1 pekee kanyaga 1+3. Hapo mruko wa mshindio unapakana na mruko wa mtande, na matundu huonekana wazi zaidi. Mtambo wako ukishusha fremu badala ya kuinua, utakuta sura hiyo hiyo upande wa chini.

Mimi napendelea lesi iliyozungukwa na kitambaa cha kawaida, hasa kwa vitambaa vya meza, kwa sababu lesi tupu hulegea na kukwama kwenye pete na kucha. Chora kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kundi la nyuzi 5, kisha fuma vipande vya majaribio kwenye mtande mmoja. Kwa ukubwa wa skafu, pima kipande kabla na baada ya kufua, maana lesi hupungua zaidi kuliko kitambaa cha kawaida.