Ukumbi wa harusi Unguja: pima kwa siku ya kupamba

Wa alaykumu salaam dada. Umesema kadi ni 300, ndoa inafungwa msikitini mtaa wa Ng'ambo baada ya Isha, wageni wengine watatoka Pemba, na familia haijaamua kati ya ukumbi wa mjini, hoteli ya ufukweni Paje na turubai nyumbani.

Ndoa yenyewe haina tabu. Msikiti upo, halua na kahawa zitapita, wanaume watatawanyika mapema. Ukumbi mnaoutafuta ni wa wanawake, siku ya kupamba, yaani bibi harusi anapokaa amepambwa mbele ya wanawake wenzake, na jambo la kwanza la kupima ni sitara, wasionekane na wanaume. Mapambo na picha zije baadaye.

Ukumbi ukaguliwe usiku, taa za ndani zikiwa zimewashwa. Simama nje utazame madirisha. Kioo cheusi kinachoficha kila kitu mchana, usiku kinamwonesha kila aliyemo ndani, kwa hiyo muulize mwenye ukumbi kama ana mapazia mazito au mje na yenu. Fuata kwa miguu njia ya chakula kutoka jikoni. Ikiwa wabeba masinia lazima wakatishe ukumbini, ama wawe wanawake pekee, ama kinamama watakuwa wanakimbilia mabaibui kila mlango ukifunguliwa. Fundi wa muziki akiwa mwanamme, mitambo yake ikae chumba cha pembeni, waya upite chini ya mlango. Na kamera za ulinzi za ukutani mara nyingi husahauliwa. Zizimwe na zifunikwe kabisa.

Halafu ukubwa. Idadi anayokutajia mwenye ukumbi aghlabu ni ya viti vya safu, bila meza. Pima mwenyewe: mita 12 kwa 20 ni mita za mraba 240. Ukitoa jukwaa na njia, viti bila meza vitaingia kama 250, lakini meza za duara za watu kumi kumi zitachukua kama 150 tu. Kwa kadi 300, na watoto ambao hawakuandikwa kwenye kadi, ukumbi wa kiasi hicho hautoshi hata bila meza. Mkitandika majamvi mkala kwa masinia, watu watano kwa sinia, mtapata nafasi zaidi, na kwa maoni yangu watu huchangamka zaidi pia. Pilau ipigiwe hesabu ya kilo moja ya mchele kwa watu sita au saba, yaani karibu kilo 50, na jikoni kuwe na pahala pa wazi pa kuweka masufuria makubwa na bomba la maji karibu.

Chumba cha bibi harusi kiwe na choo chake na kiyoyozi. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, joto huyeyusha vipodozi kabla hajatoka mbele za watu. Jenereta lijaribiwe viyoyozi vikiwa vinafanya kazi, kwani mengi hubeba taa na muziki tu, kiyoyozi kikiwaka yanazima.

Paje kuna uzuri wake, ila pwani ni njia ya kila mtu, na sitara ya kupamba hutaipata mchangani. Itumieni kwa picha au karamu ndogo, na tarehe ichaguliwe kwa mwezi wa kiislamu. Mwezi 1 na 15, yaani siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi huo, maji hujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi 2 hadi 4, au 16 hadi 18, bahari itakuwa imejaa wakati jua limepoa. Mwezi 7 au 8, na 22 au 23, mambo hugeuka: saa kumi jioni maji yamekupwa, na mbele yenu ni mchanga na mashamba ya mwani. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine, viti vikae juu zaidi ya ule mstari wa mwani mkavu, maana maji hufika pale. Na Paje inatazama mashariki. Wanaotaka jua linazama baharini waende Kendwa au Nungwi.

Turubai nyumbani ni rahisi kwa gharama, lakini si masika, Machi hadi Mei. Uwanja wenye mteremko hupitisha maji chini ya majamvi hata turubai likiwa zima. Zungushieni kuta za kitambaa kizito, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, apewe taarifa mapema kwa ajili ya njia na kelele za usiku.

Wa Pemba wapangieni kulala mjini. Boti za Mkoani, bandari ya Pemba, hazisubiri sherehe, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, kwa hiyo wavuke siku mbili kabla.

Mwisho, arbuni, yaani malipo ya awali ya kushika ukumbi. Shaaban na Mfungo Mosi (Shawwal) kumbi hujaa, kwani hakuna anayeoza Ramadhani. Mkichukua siku ya Mfungo Mosi, kumbukeni mwezi ukionekana au usionekane, tarehe husogea siku moja. Andikeni kwenye mkataba tarehe ya kizungu pamoja na ya mwezi, ipi inashika zikipishana, saa ya kukabidhiwa funguo, na kiasi cha arbuni kinachorudi mkighairi. Stakabadhi iwe na muhuri.