Kabla hujamcheka mtu anavyosema

Nilipohamia Lubumbashi kutoka Bukavu, yote miji ya Kongo, kazi ya kwanza niliipata mtaani Katuba, kwenye chumba cha kushonea nguo. Vyerehani vinne, pasi ya mkaa, vikwembe, yaani vitenge, vya wateja vimerundikwa hadi dirishani. Asubuhi ya kwanza akaingia mama mmoja, nikamwambia: "Karibu mama, naomba nikupime, tafadhali." Vyerehani vyote vikanyamaza.

"Kiswahili bora!" akasema fundi mmoja. "Huyu anasema sawa buku!" Yaani kama kitabu.

Kiswahili bora ni jina ambalo watu wa Lubumbashi wanakipa Kiswahili cha shule na kanisa. Chao kina historia yake. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville hadi 1966, na wachimbaji walitoka Kasai, Rwanda, Burundi, hata upande wa pili wa mpaka, Zambia ya leo. Walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akatia ndani maneno ya kwao. Kwa hiyo ukifika huko usimwambie mtu kwamba anaharibu lugha. Haharibu chochote. Anasema lugha ya babu yake.

Usikimbilie kumwiga pia. Mimi niliiga. Wiki ya pili nilikuwa natia "shiye" (sisi) na "njo" (ndiyo) kila mahali, kwa sauti ya kuvuta, nikidhani naonyesha upendo. Mama mmoja mteja akanitazama: "Mwana yangu, uko unatucheka?" Niliona aibu sana. Tangu siku hiyo nilisema kama nilivyozoea, na maneno ya mji yakaniingia yenyewe. Neno "bukari", yaani ugali, ndilo lilitangulia, kwa sababu nilikuwa nakula bukari kila siku.

Sasa utani wenyewe. Chumbani mwetu kila msemaji alikuwa na jina. Fundi aliyesema bila kupumua tulimwita Mashini. Aliyemeza miisho ya maneno, "ana bukari mu kinwa." Aliyetuletea habari za mtaani kila asubuhi alikuwa Redio Trotwari, na hilo si letu peke yetu, Kongo nzima inalijua: habari za kando ya barabara, hakuna ajuaye nani alizitoa kwanza. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mteja anayetaka kupunguziwa bei, lakini anaanza na mvua, halafu misa ya Jumapili, halafu jino la mjukuu. Huyo "anapitia Likasi kwenda Ruashi." Ruashi ni hapa hapa mjini. Likasi ni zaidi ya kilomita mia moja, tena upande mwingine kabisa! Maneno kama haya yanafurahisha siku ya kazi, na aliyeitwa hivyo hucheka pamoja nanyi.

Lakini kulikuwa na kijana mmoja mwenye kigugumizi. Tulimwita Delestaje, yaani mgao wa umeme, kwa sababu maneno yake yalikatika katikati kama umeme wa mtaani. Alicheka. Nami nilimwita hivyo, miezi kadhaa.

Siku moja nikamwona akimpima mteja. Alizungusha futi kiunoni, akachukua chaki, akaandika 84 kwenye kipande cha kitambaa, akamgeuzia mteja asome. Kifua, vivyo hivyo. Bei pia aliiandika. Nilikumbuka kwamba alipoanza kazi alikuwa anataja namba kwa mdomo.

Jioni nilimuuliza. Akakunja futi taratibu, akaniita yaya, yaani mkubwa wake, akasema: "Yaya, muncheke yote. Ile moja muache."

Tangu hapo najiuliza kwanza kama mtu amechagua kusema vile au ni ulimi wake tu. Yule mteja wa kupitia Likasi akitaka ananyoosha njia leo hii. Mwenye kigugumizi au kithembe hana uchaguzi huo, basi jina lake lisitoke mdomoni mwako, hata kama yeye ndiye anayecheka kwanza. Akikwama, subiri. Usimmalizie neno, usimwambie "pole pole", usitazame kando. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu yeyote, hadi afike. Na walio wakubwa kwako, mama au papa, usiwape jina mpaka wao wenyewe waanze utani.

Wenzangu hawakukubali mara moja. Mashini aliniambia nimeleta ukali wa Bukavu. Nilinyamaza tu, nikawa namwita kijana kwa jina lake halisi kila ninapomhitaji, na baada ya kama mwezi hivi lile jingine halikusikika tena.

Kabla sijaondoka pale aliingia mama mwenye kikwembe cha yadi sita, akauliza bei ya kushona. Chaki ilikuwa mezani. Kijana hakuigusa. "E-e-elfu makumi mbili," akasema. Yule mama alisubiri hadi neno la mwisho, akavuta kiti, akakaa. Halafu akaanza kutuambia habari za mvua.