Nati si manati

Msomaji wetu wa Jinja, ambaye ameifumua injini ya Peugeot 504 aliyoachiwa na babake, anauliza kama kwenye mifuko anamohifadhi vifungio aandike "manati ya pampu ya maji" au "nati za pampu ya maji". Anauliza pia kama bolti, skrubu na parafujo ni kitu kimoja.

Hili la pili ni jepesi. Parafujo tulipewa na Wareno, skrubu na bolti tukazitwaa kwa Waingereza. Parafujo na skrubu ni kitu kimoja, nacho kwa kawaida hukazwa kwa bisibisi. Bolti hukazwa kwa spana.

Sasa tuje kwenye hayo "manati", ambayo yamenichosha muda mrefu. Manati, kama ajuavyo kila aliyewahi kuwinda ndege utotoni, ni panda ya mti iliyofungwa mipira miwili na kipande cha ngozi cha kurushia kijiwe. Nikikuta mfuko ulioandikwa "manati ya kichwa cha silinda", ninawaona vijana wamejipanga juu ya injini wakiilenga rejeta, na kila mmoja ana mawe mfukoni. Anayesema hivyo hujitetea kwamba bila "ma-" hatujui kama nati ni moja au ni nyingi. Utetezi huo ni wa mtu aliyesahau kwamba Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi: nati imepotea, nati zimepotea, nati hii, nati hizi. Hakuna fundi aliyewahi kusimama katikati ya kazi akishindwa kujua maana. "Mabolti" nayavumilia, kwa kuwa angalau hayaui ndege, ingawa sitayaandika mwenyewe.

Lakini kibandiko cha msomaji wetu kina kosa la pili, nalo ni zito kuliko la ngeli. Pampu ya maji ya injini nyingi hufungwa kwa bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye hesi (ile mifereji ya mzunguko) zilizochongwa katika bloku, yaani mwili wa injini, pasipo nati hata moja. Kwa hiyo, hata akiandika "nati" kwa sarufi safi, huenda mfuko usiwe na nati ndani. Nati ni kile kipande chenye tundu na hesi za ndani, basi. Tena bolti za kifuniko kimoja aghalabu hazilingani urefu. Ndefu ikitiwa kwenye tundu fupi hugota chini kabla ya kukibana kifuniko, na anayeendelea kuivuta spana anaweza kuipasua bloku. Fupi ikitiwa mahali pa ndefu hushika hesi chache, na kwenye alumini, kama kile kichwa cha silinda cha 504, hesi hizo hung'oka upesi.

Ndiyo maana mafundi makini huchora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, wakatoboa matundu na kuchomeka kila bolti mahali ilipotoka, pamoja na washa yake. Boksi hilo halihitaji maneno mengi. Kwa vifungio vinavyobaki kwenye mifuko, msomaji wetu ahesabu, apime, kisha aandike: "Bolti za pampu ya maji: ndefu 2, fupi 3", kama idadi ndiyo hiyo. Kalamu iwe ya wino usiofutwa na mafuta.