Mpunga: maswali yenu ya maji na mbolea

*Nikirusha yurea jaruba likiwa limejaa maji kuna ubaya?*

Upo, tena mkubwa. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, sasa ukiirusha juu ya maji inayeyuka palepale, na ndani ya siku chache inakuwa amonia, halafu mchana jua likiwaka ule ukijani unaoelea unaongeza ualkali wa maji na amonia nyingi inapaa hewani, unaweza kupoteza hata nusu ya mfuko hivihivi unaangalia. Toa maji libaki tope tu, rusha, halafu ndani ya siku moja rudisha maji taratibu yaishushe kwenye mizizi.

*Na CAN, ile mbolea ya naitrojeni yenye chokaa, je?*

Nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, kwenye tope lisilo na hewa bakteria wanaigeuza gesi. Peleka kwenye mahindi.

*Nimeng'oa shina nikakuta mizizi myeusi, inanuka kama yai viza. Niongeze mbolea?*

Usiongeze kitu! Hiyo harufu ni gesi ya salfa, udongo umekaa na maji muda mrefu mpaka mizizi inashindwa kufyonza, ukiongeza mbolea ni kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza. Kausha mpaka uone nyufa nyembamba, mizizi mipya itatoka. Kuanzia hapo chukua kipande cha bomba cha sentimita 30, toboa matundu nusu ya chini, kichimbie sentimita 15 na utoe udongo wa ndani, uwe unachungulia. Maji yakishuka mpaka chini kabisa ya bomba ndo unafungulia tena, yafike kama sentimita 5 juu ya udongo. Ila mpunga ukianza kuchanua hayo mambo ya kukausha acha kabisa, utavuna mapepe.

*Wiki ya tatu tangu nipandikize, majani ya chini yana madoa kama kutu. Ni mbegu mbovu?*

Mbegu tunaisingizia sana. Mara nyingi hapo ni zinki, maji yakituama fosforasi inapatikana kirahisi zaidi lakini zinki inajificha, hasa udongo wenye chumvichumvi. Toa maji kwanza, kisha weka zinki salfeti.

*Mabua nichome?*

Ukichoma naitrojeni karibu yote inaondoka na moshi. Potashi inabaki kwenye majivu, ila pale ulipochomea tu, ndo maana msimu unaofuata unaona mpunga umestawi kwa viraka. Yalimie chini wiki 2 au 3 kabla ya kupandikiza.