Wasomaji Wanauliza: Filamu ya mapenzi ya jinsia moja itanifungia milango?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwigizaji wa jukwaani hapa Nairobi. Nimeitwa niwe mhusika mkuu katika filamu huru ya mapenzi ya wanaume wawili. Mtayarishaji anaahidi hela kidogo sasa, halafu asilimia ya mapato baadaye. Wenzangu wanasema nikikubali sitaitwa tena kwingine. Nifanyeje?

JIBU: Tuanze na hofu ya wenzako. Mwingereza Josh O'Connor alikuwa bado hajulikani sana alipoigiza mfugaji wa kondoo wa Yorkshire katika God's Own Country ya Francis Lee, filamu ya mapenzi ya wanaume wawili iliyooneshwa kwanza mwaka 2017 kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Kabla ya kurekodi alifanya kazi shambani hadi akajua kuzalisha kondoo, na mwaka huo huo akapata tuzo ya mwigizaji bora ya BIFA, tuzo za filamu huru za Uingereza. Aliipata tena 2019 kwa Only You, hadithi ya mwanamume na mwanamke, kisha akawa Mwanamfalme Charles katika tamthilia ya televisheni The Crown, iliyompa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, 2021. Kinachomfunga mwigizaji ni kurudia uhusika wa aina moja mfululizo. Kwa hiyo kazi yako inayofuata ichague iwe tofauti kabisa na hii.

Ila Kenya si Uingereza. Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku Aprili 2018, kabla tu ya kwenda kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7, na kumbi zikajaa. Mmoja wa nyota wake, Samantha Mugatsia, mpiga dramu aliyekuwa akiigiza filamu kwa mara ya kwanza, alitunukiwa kuwa mwigizaji bora wa kike mwaka 2019 kwenye FESPACO, tamasha la filamu la Burkina Faso. Sifa zilivuka mipaka. Soko la nyumbani lilidumu wiki moja.

Ndiyo maana asilimia uliyoahidiwa haina uzito. Filamu ikizuiwa, asilimia ya sifuri ni sifuri. Hata isipozuiwa, "mapato halisi" huhesabiwa baada ya wakala wa mauzo, msambazaji na wanaoidai filamu kuchukua chao, na mwigizaji hufikiwa mwisho kabisa. Dai malipo ya siku, yatolewe kila mwisho wa wiki ya kurekodi, na siku za mazoezi, za kupima mavazi na za kurekodi sauti upya zihesabiwe pia. Asilimia iwe nyongeza tu. Andikeni pia nani atalipia tiketi, viza na malazi mkialikwa kwenye tamasha.

Matukio ya faragha yawe na kiambatisho chake kilichosainiwa kabla ya siku ya kwanza: sehemu zipi za mwili zitaonekana, mguso upi unaruhusiwa, nani atabaki seti, na kama picha hizo zinaweza kutumika kwenye trela au bango. Usikubali "tutaelewana huko huko". Saa nane usiku, kikosi kizima kikikusubiri, kukataa ni kugumu mno. Simu zote zikusanywe mlangoni, kwa sababu kinachowaumiza waigizaji zaidi ni kipande cha sekunde chache kinachosambaa mitandaoni bila hadithi yake.

Omba kuiona leseni ya kurekodi, kwani Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inaitaka kabla kamera haijawashwa. Hakikisha skripti iliyowasilishwa kuombea leseni hiyo ndiyo mtakayoigiza.

Usalama nao una bei. Nakhane, nyota wa Inxeba, filamu ya Afrika Kusini ya mapenzi ya wanaume, alitishiwa kuuawa. Nani atalipia usafiri wako na mahali pa kukaa hali ikichafuka? Jibu liwemo ndani ya mkataba. Na wazazi wako wasikie habari hii kutoka kwako kabla trela haijatoka.

SWALI: Na waandishi wakiniuliza kuhusu maisha yangu binafsi?

JIBU: Si lazima ujibu. Kubaliana mapema na mtayarishaji kwamba mahojiano yatahusu uhusika, na awaarifu waandishi kwa maandishi kabla hamjakaa.